Pamba Si Kosa

Juni hii nilikuwa nyumbani Nyalikungu, pale Maswa mjini, na msimu wa pamba ulikuwa umepamba moto. Sebuleni kwa dada yangu hapakuwa na pa kukaa. Magunia yamepangwa mpaka dirishani, kochi limehamishiwa barazani, na mpwa wangu wa Kidato cha Pili yuko chini kwenye turubai anachambua: nyeupe huku, fifi kule. Hata mikono yake alikuwa haiangalii. Ukizaliwa Simiyu, macho yanajua yenyewe ipi itapokelewa kwenye mizani kama daraja la kwanza na ipi itakuletea maneno.

Alipomaliza akanawa, akaniletea daftari la Kiingereza. "Mjomba, naomba unisaidie kurudia. Tukifungua shule tu, tuna jaribio."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na aina za maneno, kila aina na maana yake ya mstari mmoja. Kurasa tatu zilizofuata zilikuwa na tamathali za semi kumi na mbili, zimenakiliwa kutoka ubaoni bila kukosea hata nukta, kila tamathali na mfano mmoja. Kisha jaribio la mwezi wa tano. Swali la saba: kamilisha "as white as", halafu nafasi. Mtoto ameandika "cotton". Kalamu nyekundu imepita juu yake, kosa, na pembeni limeandikwa jibu linalotakiwa: "snow". Jumla, 9 kati ya 20.

"Mjomba, hiyo snow wewe umeshaiona?"

"Kwenye televisheni."

"Mimi pamba nimeishika leo."

Sikuwa na jibu siku ile. Hili hapa sasa, na naliandika kwa hasira, maana lile kosa jekundu nimeshindwa kulisahau.

Ninachosema ni hiki: tunachokiita kufundisha mbinu za fasihi katika vipindi vyetu vya Kiingereza, mara nyingi si kufundisha fasihi wala si kufundisha Kiingereza. Ni kugawa majina. Mtoto anakabidhiwa orodha ya majina ya vitu ambavyo tayari anavifanya kwa ulimi wake kila siku, na akijaribu kuvifanya kwa Kiingereza anapigwa kosa. Tukimaliza tunashangaa kwa nini anaogopa kufungua mdomo.

Hebu tuanze na hiyo tashibiha yenyewe. Kazi yake ni nini? Unachukua kitu ambacho msikilizaji anakijua vizuri, unakiweka karibu na kile unachotaka akione. Basi. Aliyesema "nyeupe kama theluji" kwa mara ya kwanza alikuwa na theluji mlangoni kwake. Nabii Isaya alipotaka kusema juu ya weupe alitaja theluji, lakini papo hapo akataja na sufu, kwa sababu watu wake walikuwa wafugaji na sufu walikuwa wanaishika. Kwa hiyo mtoto wa Maswa aliyeandika pamba hakukosea tashibiha. Ndiye pekee aliyeielewa. Ametoka kutenganisha nyeupe na fifi kwa mikono yake. Anajua daraja za weupe kuliko mimi, kuliko mwalimu, na nadhani kuliko hata waliotunga lile swali.

Na msiniambie Kilimanjaro ina theluji. Najua ina theluji. Kutoka Nyalikungu hadi Kilimanjaro ni safari ya kuvuka Serengeti, na huo mlima hauonekani kutoka shambani kwetu. Kilichopo hapahapa wilayani ni kiwanda cha chaki. Inawezekana kabisa chaki iliyoandika neno "snow" ubaoni ilitengenezwa Maswa. Nayo ilikuwa nyeupe.

Kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Watasema: ule ni msemo uliokwisha kuganda katika Kiingereza, mtoto anatakiwa aujue ulivyo, kama vile Mwingereza anayejifunza Kiswahili hawezi kujibadilishia methali anavyotaka. Sawa. Nakubali. Lakini basi mwambieni ukweli kwamba hilo ni somo la misemo ya Waingereza, kama somo la forodha: hiki kinapita, hiki hakipiti. Msimwambie kwamba anajifunza fasihi. Na hata kwenye somo la misemo, mwalimu angeweza kuandika pembeni: "Waingereza wamezoea theluji, yako ni nzuri pia." Maneno saba. Angempa nusu alama akaokoa mwanafunzi.

Nilimtafuta mwalimu wake. Sikwenda kumshtaki, na simtaji wala siitaji shule, kwa sababu ukibadilisha jina la shule habari inabaki ileile kuanzia Bariadi hadi Masasi. Ni kijana, mkarimu, amechoka. Darasa lake lina watoto themanini na kitu, vitabu vya kiada wanagawana. "Kaka," aliniambia, "mimi nafundisha kitakachoulizwa. Nikianza stori za pamba, Novemba wakifeli, utakuja wewe kunitetea?"

Hapo alinibana. Novemba ni Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili. Asiyefikia kiwango anakariri darasa. Tazama lugha yetu inavyotusuta: kukariri ni kumeza maneno bila kuyaelewa, na kukariri ni kurudia darasa. Tunawakaririsha ili wasikariri. Na wengine, pamoja na kukariri kote huko, wanakariri vilevile.

Mwalimu huyu hakuibuni orodha ile. Alipewa na mwalimu wake, kama nilivyopewa mimi. Nilifika chuo kikuu nikiwa na tamathali kumi na mbili kichwani kama rozari, na siku ya kwanza nilipowekewa shairi mbele nikaulizwa linanifanyia nini, nilitafuta tashihisi. Nikaipata. Nikaipigia mstari. Sikuwa na kitu kingine cha kusema.

Ugonjwa huu ni wa zamani, na walioupima ni wengi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Serikali haikulifuata pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kiko chini mno kuwa lugha ya kujifunzia, na pamoja na hayo wakapendekeza kiendelee. Toka mwaka 2005 mitaala yetu inahubiri ujenzi wa umahiri: mwanafunzi atende, atumie, asikariri. Na kila mwaka Baraza la Mitihani linatoa vitabu vya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na humo, somo baada ya somo, sababu inayojirudia ni kutoimudu lugha. Miaka zaidi ya arobaini ya kupima homa, jamani, bila kubadilisha dawa.

Lakini mimi si mtu wa sera. Nazungumza na ninyi wapenzi wa fasihi, kwa hiyo nirudi kwenye fasihi.

Mpwa wangu akivuka salama, Kidato cha Tatu na cha Nne atakutana na vitabu teule. Kwa miaka mingi miongoni mwake kumekuwa na *Song of Lawino* cha Okot p'Bitek, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1966. Okot alikitunga kwanza kwa Kiacholi. Yaani kitabu tunachokitumia kumfundishia mtoto wa Kisukuma mbinu za fasihi ya Kiingereza kimezaliwa katika lugha ya nyumbani, kwa sauti ya mwanamke wa kijijini anayebishana na mume aliyesoma, na nguvu yake yote imetoka kwenye mambo ya kule: mifugo, ngoma, nyungu, maboga. Lawino haombi ruhusa ya theluji. Sasa niambie, mtoto aliyefundishwa kwamba pamba ni kosa atamsomaje Lawino? Atatafuta tashibiha, atazihesabu, atapata alama zake. Hatagundua kwamba yule mwanamke anabishana na mtu kama mwalimu wake.

Na hapa Usukumani hatukuanza jana. Nani aliyekulia huku ambaye hakusimuliwa habari za Shing'weng'we, lile dubwana lililomeza watu wote, na Masala Kulangwa, mtoto aliyekua akalikabili na kuwatoa waliomezwa? Neno masala lenyewe kwa Kisukuma ni akili. Mtoto wa miaka sita, bibi akimaliza, anajua kwamba haisimuliwi habari ya mnyama tu. Ukimuuliza Shing'weng'we ni nani leo, atakuambia ni njaa, au ni mtu fulani mwenye tamaa pale mtaani. Hiyo ni istiari nzima, kichwani mwa mtoto asiyejua kuandika. Nenda kwenye mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu baada ya mavuno, sikiliza manju wa upande mmoja anavyomrushia mwenzake vijembe bila kumtaja jina. Maelfu ya watu wanacheka kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuambiwa kwamba ile ni kejeli. Wameielewa, ndiyo maana wamecheka.

Mtoto anatoka kwenye uwanja huo Jumapili. Jumatatu anaingia darasani kufundishwa kejeli kama jambo jipya lililoletwa na meli.

Sarufi nayo ni vilevile, na hapa kinachouma zaidi ni kwamba dawa ni rahisi. Katika daftari lile kosa lililojirudia kuliko yote ni lile la "She go". Mara sita limepigwa mstari, mara sita bila neno la maelezo. Sasa msikilize huyohuyo mtoto akiongea na wenzake: kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umeanguka, miti imeanguka, mtoto analia, watoto wanalia. Hakosei. Alikuwa hakosei hata alipokuwa na miaka mitano. Kwa Kisukuma ni hivyohivyo, ng'wana akiwa mmoja na bhana wakiwa wengi, na kila neno linalofuata linajipanga nyuma ya nomino kama watoto mstarini. Huyu ni bingwa wa upatanisho wa kisarufi. Kiingereza kinadai kitu kilekile, tena kwa ubahili mkubwa: herufi moja tu, s, kwa nafsi ya tatu umoja, wakati uliopo. Mwalimu akisema, "Ile s ni ndugu yake a- ya 'analia', kazi yake ni kuonyesha kitenzi kinamfuata nani," ameokoa miaka miwili.

Anachanganya "he" na "she"? Kwa sababu yeye wetu ni mmoja, mwanamume na mwanamke. Anasahau "a" na "the"? Kwa sababu hatuna. Anashindwa kutofautisha baadhi ya irabu? Mwambie kwamba Kisukuma kina irabu saba na Kiswahili kina tano, kwa hiyo sikio lake tayari limezoea kusikia tofauti ndogo ambazo wengine hawazisikii. Kila kosa lina ukoo wake. Ukimwonyesha mtoto linakotoka kosa lake, anaona kwamba hakukosea kwa upumbavu; alikuwa anatumia kanuni ya nyumba moja ndani ya nyumba nyingine. Lakini unawezaje kumwonyesha, ikiwa getini kuna kibao kinachoamuru "Speak English", na Kiswahili, lugha ya taifa, kimewekwa kundi moja na lugha haramu? Tumelifunga sanduku la vifaa, kisha tunamlaumu fundi.

Najua hapa makambi mawili yatanirukia. Kambi ya kwanza itasema: basi ondoeni Kiingereza. Hapana. Mpwa wangu anakitaka. Anataka kuwa nesi, anataka kusoma, anataka siku moja ajibishane na mtu wa Nairobi au wa London bila kuinama. Kumnyima Kiingereza kwa jina la uzalendo, huku wanangu na wako tumewapeleka shule za ada, huo ni unafiki wa daraja la kwanza. Kambi ya pili itasema: basi aanze chekechea, kila kitu kwa Kiingereza, Kisukuma marufuku. Hao nimewaona. Mtoto anajua rangi zote kwa Kiingereza lakini bibi yake akimsalimu "mwangaluka" anakimbilia nyuma ya mlango. Hajapata lugha mpya. Amepoteza bibi.

Mwalimu Nyerere alianza shule pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa kijana wa karibu miaka kumi na miwili aliyekua na Kizanaki. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare kwa Kiswahili, na baadaye akaleta *Mabepari wa Venisi*. Hakukifahamu Kiingereza kwa kukionea haya Kizanaki. Na jirani zetu wa ziwani, Aniceti Kitereza wa Ukerewe, alikaa kisiwani akaandika riwaya kubwa kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Lugha ya nyumbani haikuwahi kuwa kikwazo cha mtu anayeifikiri.

Sasa nigeuke nyuma kidogo, kwetu sisi tunaoandika na kusoma mapitio huku mtandaoni. Tusijifanye hatumo. Ni mapitio mangapi umesoma mwaka huu yanayomalizia hivi: "Mwandishi amefaulu kutumia mbinu mbalimbali za kisanaa kama vile tashibiha, sitiari, tashihisi na takriri"? Nimeandika sentensi hiyo mimi. Haina maana yoyote. Ni sawa na kusifu nyumba kwamba imefaulu kutumia misumari. Kama sitiari ilikuuma, tuambie ilikuuma wapi. Kama ilikuwa bovu, sema. Tumelibeba daftari lile la Kidato cha Pili mpaka ukubwani, tukalipa jina la uhakiki. Na yule anayemcheka mwenzake kwenye maoni kwa sababu ya Kiingereza chake, huyo bado ni kiranja anayeandika majina ya wanaoongea Kiswahili.

Ninachotaka si kikubwa. Kwanza, jina la tamathali lije mwisho. Msomee mtoto sentensi, muulize inamfanya aone nini, muulize nyumbani wanaisemaje, kisha mwache atunge yake. Baada ya hapo ndipo umwambie, "Hii ulichofanya inaitwa hivi." Pili, kabla ya orodha yoyote, darasa lisome kitabu kimoja kizima. Viko vyepesi, kama *Hawa the Bus Driver* cha Richard Mabala. Hakimalizi wiki mbili hata kama kinasomwa kwa sauti na nakala ziko tano. Tatu, kosa lisipigwe mstari bila kuambiwa linatoka wapi. Nne, na hili ni la watunga mitihani: acheni kuuliza jina. Ulizeni kazi. Siku mtihani utakapouliza "mfano huu unamfanyia nini msomaji?", walimu wote nchini watabadilika ndani ya muhula mmoja, kwa sababu, kama alivyosema yule kijana, wanafundisha kitakachoulizwa.

Usiku ule dada alipowasha taa tulilifunga daftari. Nikamwambia mpwa wangu aandike tashibiha moja kwa Kiingereza, ya kwake, juu ya mtu yeyote anayemjua. Akafikiri sana, akatafuna kalamu. Kisha akaandika, kwa Kiingereza chenye makosa mawili, kwamba ahadi za mjomba ni kama mawingu ya Januari: yanajaa, yanapita, hayanyeshi.

Dada yangu alicheka mpaka akashika gunia. Mimi nilimeza mate, maana nilimuahidi kamusi tangu mwaka juzi.

Makosa yale mawili tuliyarekebisha kwa dakika tano. Moja lilikuwa s, jingine lilikuwa "the". Nikamwambia yanatoka wapi, akasema, "Kumbe!" Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka vema. Kamusi nimeshaituma kwa basi. Sasa tunangoja Novemba, na sijui watamuuliza nini.